Shajara ya Anne Frank skulini: nakala ipi ununue, na darasa hukwama wapi

Shajara hii ni ya msichana wa Kiyahudi aliyejificha Amsterdam na familia yake wakati Wanazi walipowasaka Mayahudi katika Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwanzo utafute jina la mfasiri. Ukiona B. M. Mooyaart-Doubleday, umeshika tafsiri ya Kiingereza ya 1952. Ukiona Susan Massotty, hiyo ni ya 1995, iliyotoka katika toleo lililohaririwa upya na Mirjam Pressler, na ina takriban asilimia 30 ya maneno zaidi. Majalada hayasaidii, kwani yote hubandikwa picha ya yule yule msichana. Kwenye vitabu vya mtumba matoleo haya huchanganyika, na skuli ikinunua kumi kumi bila kuangalia, mwanafunzi mmoja atakuwa anasoma kwa sauti na jirani yake hakioni kifungu hicho kabisa. Kama mumeshanunua mchanganyiko, acheni kutaja namba za ukurasa. Tajeni tarehe ya ingizo, nayo itapatikana katika karibu kila nakala.

Mtego mwengine ni tamthilia ya 1955 ya Frances Goodrich na Albert Hackett. Ni kazi nzuri ya jukwaani, lakini si shajara, na mwanafunzi aliyesoma tamthilia peke yake atataja matukio ambayo Anne hakuyaandika. Ukifungua katikati ukakuta majina ya wahusika yamefuatiwa na nukta mbili, rudisha.

Kuna pia toleo la michoro la Ari Folman na David Polonsky, 2017. Kwa Kidato cha Kwanza ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga, michoro hiyo huwavuta vizuri. Ila hukusanya maingizo kadhaa ndani ya ukurasa mmoja, kwa hiyo ule uchovu wa siku zisizokwisha, ambao ndio uti wa mgongo wa kitabu, hupotea. Na mwalimu ajue mapema kwamba mna ukurasa wenye masanamu ya uchi.

Kwa Kidato cha Tatu na kuendelea tunapendekeza Massotty, kwa sharti moja: wazee wa wanafunzi waambiwe kabla. Ingizo la 24 Machi 1944 linaeleza mwili wa mwanamke kiungo kwa kiungo, bila kupindapinda, na mwanzoni mwa Januari 1944 mna mengine ya kubaleghe. Kwa darasa la wavulana na wasichana pamoja, kurasa hizo zisisomwe kwa sauti. Kila mmoja ajisomee. Kuzibandika karatasi ni kazi bure. Ukurasa uliobandikwa ndio wa kwanza kusomwa.

Sasa kitabu chenyewe. Anne alizaliwa Frankfurt tarehe 12 Juni 1929, akapewa daftari lake Amsterdam siku alipotimiza miaka 13. Tarehe 5 Julai 1942 dada yake Margot aliitwa kupelekwa kambi ya kazi Ujerumani, na kesho yake familia ikaingia mafichoni Prinsengracht 263, nyuma ya ofisi za biashara ya baba yao. Watu wanane walikaa humo hadi walipokamatwa 4 Agosti 1944. Ukihesabu siku ya kwanza na ya mwisho, ni siku 761.

Jina la Kidachi la kitabu, Het Achterhuis, maana yake ni nyumba ya nyuma, na mwanafunzi wa hapa Zanzibar hulielewa haraka ukimwambia "nyumba ya uani". Haraka mno, kwa kweli, kwa sababu atafikiria banda la chini lenye jiko na kisima. Mchoreeni. Jengo la mbele lina ghala chini na ofisi juu. La nyuma limeshikamana nalo, na maficho yako ghorofa za juu za hilo la nyuma, na dari juu yake. Aliyewahi kupanda nyumba ya Mji Mkongwe, ngazi nyembamba zinazosimama wima karibu kama za kuegesha ukutani, hapati tabu.

Mlango ulizibwa kwa kabati la vitabu linalofunguka kwa bawaba, kazi ya mikono ya Johan Voskuijl, baba yake Bep aliyekuwa mmoja wa wasaidizi wao. Ili kupita ilibidi kwanza uiname, kisha uruke, na siku tatu za mwanzo kila mtu alijigonga kipaji kwenye kizingiti cha juu. Wakapigilia taulo lililojazwa maranda ya mbao. Ingizo hili ni la 21 Agosti 1942, na kama kipindi kinatosha ukurasa mmoja tu, chagueni huu. Vijana hukumbuka lile taulo muda mrefu baada ya tarehe za vita kuwatoka.

Ratiba ya nyumba nayo ifundishwe kwa saa zetu. Saa 2:30 asubuhi wafanyakazi wa ghala wanaingia: viatu vinavuliwa, maji ya choo hayavutwi, mfereji haufunguliwi. Saa 6:30 mchana wanakwenda kula, pumzi zinashuka. Saa 11:30 jioni wanaondoka. Zoezi linalofaa ni kipindi kimoja cha dakika 40, peku, bila neno, huku kila mtu akiendelea na kazi yake ya hesabu. Zoezi huharibika mwalimu akilifanya mchezo wa kuigiza askari na wakimbizi, mara moja huzuka vicheko na kelele za "fungua mlango!", na kilichotakiwa kuonekana, yaani ugumu wa kukaa kimya tu bila tukio lolote, hakionekani.

Majina hutatiza zaidi kuliko Kiingereza chenyewe. Anne aliwabadilisha majina wenzake: van Daan ni Hermann na Auguste van Pels pamoja na mtoto wao Peter, Dussel ni Fritz Pfeffer, daktari wa meno aliyeingia Novemba 1942 akalala chumba kimoja na Anne. Mwanafunzi akitafuta kwenye simu anakutana na Pels na Pfeffer, anadhani kuna watu kumi na mbili. Kikaratasi chenye majina yote mawili, kikigundishwa ndani ya jalada, kinamaliza kazi.

Malalamiko ya kwanza ya wasomaji vijana hapa kwetu huwa si kuhusu Hitler. Huwa ni kuhusu adabu. Vipi mtoto anamwandika mama yake hivi? Anne anamsema Edith kwa maneno ambayo Pemba yangemfanya mtu aitwe mbele ya wazee. Mwalimu asiharakishe kumtetea. Mjadala uchemke wiki moja, kisha wasome ingizo la 2 Januari 1944, ambapo Anne anarudi nyuma, anasoma aliyoyaandika juu ya mama yake na anaona haya. Hapo waliomlaumu hupata la kuandika, na insha zao huwa nzuri kuliko za wale waliomhurumia tangu ukurasa wa kwanza.

Swali la pili huulizwa na wasomaji hodari: mtoto wa miaka 13 anaandikaje vizuri hivi? Wapewe jibu kamili. Tarehe 28 Machi 1944 Gerrit Bolkestein, waziri wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni, alisema redioni kutoka London kwamba baada ya vita barua na shajara za watu zitakusanywa. Anne alisikia, na tarehe 20 Mei akaanza kuandika upya shajara yake kwenye karatasi zisizofungwa, akikusudia kitabu. Daftari la asili la karibu mwaka mzima wa 1943 halikupatikana kamwe. Tunayoyasoma ya mwaka huo ni ya msichana wa miaka 13 na 14, yaliyopitiwa na yeye mwenyewe akiwa na miaka 14 na 15. Toleo la kwanza, lililotoka 25 Juni 1947, lilipangwa na baba yake kutokana na maandishi yote mawili. Mwambieni mwanafunzi wa uandishi kwamba huu ni mfano wa mtu anayehariri kazi yake mwenyewe, na atasoma kwa jicho jengine.

Swali hilo hilo lina ndugu yake mbaya, anayeingia kwa WhatsApp: kwamba shajara ni ya kughushi kwa sababu imeandikwa kwa kalamu ya biro, na biro zilienea baada ya vita. Kilichopatikana kwa biro ni vikaratasi viwili vilivyochopekwa baadaye na mtu aliyekuwa akichunguza mwandiko. Karatasi, gundi na wino wa shajara yenyewe vilipimwa na maabara ya serikali ya Uholanzi, ripoti ikachapishwa 1986, navyo ni vya wakati wake.

Neno Myahudi haliingii darasani peke yake. Huja na taarifa ya khabari ya jana usiku, ya Gaza. Kulizuia ni kulipeleka nje ya dirisha, ambako hakuna mwalimu. Njia inayofanya kazi ni kuandika tarehe ubaoni: ingizo la mwisho ni la 1 Agosti 1944, dola ya Israel ilitangazwa 1948. Msichana huyu alikuwa Mjerumani aliyevuliwa uraia kwa amri ya 1941 na kuuawa na serikali ya nchi aliyozaliwa, na hilo linaweza kusomwa bila mtu kulazimishwa kubadilisha analofikiri juu ya Palestina. Ongezeni habari za Mohamed Helmy, daktari Mmisri wa Berlin aliyemficha msichana wa Kiyahudi, naye akiitwa Anna, na za Waislamu wa Albania waliowafungulia Mayahudi milango. Bila hizo, darasa lenye Waislamu watupu hujiona mtazamaji wa ugomvi wa watu wengine.

Na mtu ambaye hakosi kulituliza darasa ni Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari wa Wajerumani angali mtoto, akahamia Berlin 1929 na kufundisha Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akatiwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo 24 Novemba 1944. Wakati huo Anne alikuwa kambi ya Bergen-Belsen, ambako yeye na Margot walifariki miezi michache baadaye kwa homa ya chawa. Mkuu wa somo akilalamika kwamba kitabu hakihusiani na sisi, mwonyesheni tarehe hiyo.

Maswali mengine yatarudi nyumbani, hadi Mapinduzi ya 1964. Majumba ya Unguja na Pemba yana hadithi zake, na hazifanani nyumba kwa nyumba. Hatushauri kulinganisha mezani. Mwenye lake aliandike, asilazimishwe kulisoma.

Kwa kulinganisha maandishi, mwenzake mzuri yuko jirani: kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, zilizochapishwa kwa Kijerumani 1886. Chukueni ukurasa mmoja wa Mtoni, jumba la utotoni mwake, na mmoja wa Prinsengracht. Salme anaandika ukubwani, mbali, akijua nini kilifuata. Anne hajui hata kama kesho viazi vitapatikana. Ingizo lake la 3 Aprili 1944 linaeleza misimu ya chakula, wiki nzima mboga moja tu, na wanafunzi wakilipeleka kwa bibi aliyepanga foleni ya mgao wa mchele na sukari watarudi na maneno ambayo kamusi ya Kiingereza haina.

Ugawaji: wiki kumi, vipindi viwili kwa wiki, hutosha. Kosa la kawaida ni kutumia wiki sita kwa 1942, halafu kuikimbiza 1944, mwaka ambao ndio wenye uandishi bora. Kosa jengine ni kumaliza ingizo la mwisho kengele ikilia. Shajara haina mwisho. Mwanafunzi hugeuza ukurasa akitafuta. Maelezo ya yaliyowapata yasomwe kipindi hicho hicho, dakika 15 ziachwe, na asiitwe mtu kutoa maoni.

Kazi ya nyumbani tunayoipenda ni kuandika shajara wiki tatu kwenye daftari la kurasa 48, na ndiyo kazi inayoharibiwa zaidi. Mwalimu akikusanya madaftari na kuyasahihisha kwa wino mwekundu, wiki ya pili yote yataandika "leo niliamka, nikapiga mswaki, nikaenda skuli". Angalieni tarehe tu, daftari likiwa mkononi mwa mwenyewe, kidole chake kimefunika maandishi.