Moret-sur-Loing kwa siku moja kutoka Paris: uzoefu wangu

Kwa anayekaa Paris, au anayepita hapo akiwa na siku moja ya ziada, Moret-sur-Loing naipa nyota nne kati ya tano. Ni mji mdogo wa mawe kando ya mto Loing, kusini-mashariki mwa Paris, ukishapita msitu wa Fontainebleau. Kuna daraja, malango mawili ya ngome ya zamani na kanisa kubwa kuliko mji wenyewe, na vyote unavizunguka kwa nusu saa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapiga picha mbili darajani, wanarudi stesheni, kisha wanalalamika kwamba hakuna kitu. Moret ni mji wa mto. Ukiishia darajani, umeona mlango tu.

Usafiri kwanza. Treni ni ya laini R kutoka Gare de Lyon, na safari huchukua karibu dakika 50. Unashuka Moret–Veneux-les-Sablons. Angalia jambo moja: laini hii ina njia mbili za kwenda Montereau. Moja inapita Fontainebleau na Moret, nyingine inafuata ukingo wa pili wa mto Seine kupitia Héricy na haifiki Moret kabisa, lakini ubaoni zote zimeandikwa Montereau. Wanaonaswa zaidi ni wale wanaobadilisha treni Melun. Usisome mwisho wa safari peke yake, soma vituo vya katikati: ukiona Fontainebleau-Avon, panda. Treni za Montargis hazina utata, zote hupita Moret.

Nauli imekuwa rahisi tangu Januari 2025, ilipowekwa bei moja ya treni, metro na RER (treni za haraka za mjini na vitongojini) kwa mkoa mzima wa Paris. Ilianza kwa euro 2.50, na bei hizi huguswa kila mwaka mpya. Tiketi unaijaza kwenye kadi ya Navigo Easy, ambayo yenyewe ni euro 2. Kila mtu awe na kadi yake. Mume na mke hawawezi kupita getini kwa kadi moja hata kama ina tiketi kumi ndani. Tiketi hiyo inakuruhusu kuunganisha metro na treni ndani ya saa mbili, ila haikubaliki kwenye basi. Basi lina tiketi yake, na mkaguzi hatasikiliza maelezo.

Sasa nyota niliyoikata. Stesheni iko mbali na mji wa kale, mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa miguu, na barabara yenyewe haina cha kutazama zaidi ya nyumba na magari. Mwenye mtoto wa kigari au mzee wa kumshika mkono ahesabu hilo mapema. Ukifika lango la Samois ndipo mambo yanapobadilika. Barabara inabana, inateremka moja kwa moja hadi lango la pili, la Burgundy, na mara unatokea juu ya maji. Malango hayo hayakuwa mapambo. Zamani mji huu ulikuwa mpakani mwa ardhi ya mfalme wa Ufaransa, na ng'ambo ya mto kulianza himaya za watu wengine.

Katikati ya njia ingia ua wa ofisi ya mji, iitwayo mairie, ukikuta pamefunguliwa. Kuna ukuta wa mbele wa nyumba inayoitwa ya mfalme François wa Kwanza, umechongwa kwa ustadi mkubwa. Ukuta huo ulibomolewa jiwe kwa jiwe karne ya 19 ukapelekwa Paris, ukarudishwa Moret katika karne ya 20. Kanisa la Notre-Dame liko hatua chache kutoka hapo.

Kanisa hilo ndilo alilolichora mchoraji Alfred Sisley zaidi ya mara kumi kati ya 1893 na 1894, asubuhi na jioni, jua na mvua, kila turubai na mwanga wake. Alizaliwa Paris mwaka 1839 kwa wazazi Waingereza, akaishi Ufaransa karibu maisha yake yote, akaomba uraia asiupate, akafia Moret Januari 1899. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya mji. Usiende ukitarajia kuona michoro yake halisi hapo, kwani imetawanyika duniani. Ushauri wangu ni uanzie Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris, ambako kuna daraja la Moret alilolichora mwaka 1893, kisha ndiyo uje mtoni. Utajua pa kusimama bila kuuliza mtu.

Pa kusimama ni ng'ambo: vuka daraja, shuka kwenye majani ya ukingo wa mashariki, geuka utazame mji. Mto unakwenda kaskazini na mji uko magharibi yake, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwako na mawe yanang'aa. Alasiri jua linakujia usoni, na kanisa linakuwa kivuli cheusi kwenye picha. Wengi hufika baada ya chakula cha mchana halafu wanalaumu simu zao.

Kuhusu tumbo: jikoni za migahawa hufunga kama saa 8 mchana, wala hawana habari kwamba umetoka mbali. Jumatatu ni siku mbaya, sehemu nyingi zimefungwa. Siku nzuri ni Jumanne au Ijumaa, ambapo kuna soko asubuhi. Hapo nunua jibini ya Brie, maana uko kwenye nchi yake. Brie de Meaux ndiyo maarufu, duara pana na laini. Brie de Melun ni ndogo zaidi, ina chumvi na harufu kali. Asiyezoea jibini aanze na ya Meaux. Ukija Septemba, ulizia zabibu za chasselas za kijiji jirani cha Thomery, ambako waliziotesha kwenye kuta za mawe ili ukuta utunze joto la mchana.

Zawadi ya mji ni pipi za sukari ya shayiri, zilizoanzishwa na watawa wa kike wa Moret mwaka 1638. Ni sukari iliyopikwa kwa maji yaliyochemshiwa shayiri, ngumu, rangi ya kaharabu, na utamu wake hauchomi koo. Chukua za kopo la bati. Pipi ya aina hii hunyonya unyevu, na ukiipeleka Mombasa au Zanzibar ndani ya mfuko wa karatasi itafika imegandana donge moja.

Baada ya hapo usirudi stesheni ulikotoka. Vuka daraja tena, shika njia ya kando ya mfereji wa Loing kuelekea kaskazini. Mfereji huu ulikamilika miaka ya 1720 ili matishari yapite bila kuhangaika na mto wenye kina kisichotabirika. Njia unayotembea ndiyo waliyopita waliokuwa wakiyavuta kwa kamba. Ni tambarare, mwendo wa kama kilomita mbili, na unaishia Saint-Mammès, pale Loing inapoingia Seine. Hicho ni kijiji cha watu wa matishari, na vyombo vimepangwa gatini ubavu kwa ubavu, vingine vikiwa nyumba za kuishi zenye maua na baiskeli juu. Angalia vipimo: yale ya kawaida yana urefu wa mita 38.5 na upana wa mita 5 na kidogo, kwa sababu ndivyo vyumba vya mifereji vya kupandishia na kushushia vyombo kwa maji vilivyosanifishwa Ufaransa tangu 1879. Makubwa kuliko hayo hubaki Seine. Kwangu mimi, saa moja hapa inazidi kila kitu ndani ya malango.

Majira ya baridi, au baada ya mvua mfululizo, tazama Vigicrues, tovuti ya tahadhari za mafuriko kwa rangi, kabla ya kutoka nyumbani. Mto ukiwekewa rangi ya njano au ya hatari zaidi, njia ya ukingoni ni tope au imefungwa. Loing si mto wa kudharau: mafuriko ya mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 2016 yalipita hata kiwango cha mafuriko ya 1910 kwenye mji wa Nemours, na maji yaliingia majumbani Moret.

Saint-Mammès ina stesheni yake kwenye laini hiyohiyo ya R, ila inahudumiwa na tawi la Montereau tu, hivyo treni ni chache kuliko Moret. Tazama ratiba ukiwa bado kwenye daraja la Moret. Kama pengo ni la saa nzima na jua linazama, rudi Moret kwa miguu, ambako za Montargis nazo zinasimama.