TAHADHARI: Betri ya kuwashia gari inauzwa kwa stika ya "Deep Cycle"

Wadau wa kambi na hema za juu ya gari, someni hii kabla hamjatoa hela Kariakoo.

Mwezi uliopita nilinunua betri ya pili ya Land Cruiser yangu, ile ya kulisha friji na taa tukiwa porini. Stika kubwa ya buluu: "Deep Cycle AGM 150Ah". Yaani betri ya kutoa umeme taratibu kwa muda mrefu (Deep Cycle), aina ya asidi iliyofungwa isiyomwagika (AGM), inayotunza ampia-saa 150 (Ah). Muuzaji alianzia laki sita, tukaishia laki nne na nusu. Bei ilivyoshuka upesi ingetosha kunishtua, ila nilikuwa na haraka. Nikapitia Feri, nikachukua kilo nne za samaki changu, safari ya Ruaha ikaanza.

Usiku wa kwanza Mikumi, shwari. Usiku wa pili, saa tisa, friji ikaanza kulia. Napima: volti 10.6, yaani betri imeisha kabisa. Friji yenyewe ya lita 45, ukipiga wastani haimalizi hata Ah 2 kwa saa. Betri ya 150Ah ya kweli ingeilisha mchana kutwa na usiku kucha bila jua na isifike nusu. Changu wote wakaharibika, na shemeji yenu alinuna mpaka Iringa.

Tuliporudi Dar, fundi akachokonoa kona ya stika kwa wembe. Chini yake kuna lebo nyingine: 75Ah, CCA 680 (CCA ni ampia za kuwashia injini kwenye baridi). Ukiona CCA imepewa nafasi kubwa hivyo, hiyo ni betri ya kupiga stata. Sahani zake za risasi za ndani ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa umeme mkali kwa sekunde chache, kisha altaneta (jenereta ya injini) irudishe chaji. Ukiimaliza chaji kabisa mara chache tu, imekufa. Betri ya friji inataka sahani nene, na hata hiyo usiizoeshe kushuka chini ya nusu.

Tukaipeleka kwenye mzani wa duka la nafaka la jirani: kilo 19. AGM ya 150Ah inapita kilo 40! Yaani mimi niliibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji ya lita 20, nikajiona nina nguvu.

Niliporudi dukani nikaambiwa "umeiua mwenyewe kwa friji". Risiti yangu imeandikwa "betri 1", basi. Halafu jamaa akanishawishi niongeze hela anipe ya lithiamu, 100Ah. Nikainyanyua, haifiki kilo sita, wakati za kweli ni kama kilo 10 hadi 13. Ubavuni imeandikwa 11.1V. Lithiamu zinazofungwa kwenye magari ya kambi ni zile za chuma na fosfeti, seli nne za volti 3.2, jumla 12.8. Nikaiacha mezani. (Hata ukipata ya kweli, usiiunge moja kwa moja kwenye altaneta, muulize fundi wako kuhusu chaja ya katikati.)

Kwa hiyo nendeni na fundi, chokonoeni stika, pimeni uzito, na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) iandikwe aina, Ah na namba ya betri. Wakikataa kuandika, ondokeni.

Malalamiko nayapeleka Tume ya Ushindani, FCC. Mwenye betri ya stika ya buluu kama hiyo anitumie picha ya lebo ya chini, niiambatanishe na yangu.