Hifadhi ya kulipia imeniambia Masasi haipo

Sifuri. Nimeandika "Masasi", nikabana miaka 1905 hadi 1907, jibu: sifuri. Misheni ya Masasi ilichomwa moto mwaka 1905 kwenye Maji Maji, na ya Nyangao nayo ikachomwa, halafu hifadhi ya mtandaoni ya kulipia yenye magazeti na vitabu vya Kijerumani vya enzi hiyo inaniambia Masasi haikutajwa hata mara moja!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakajibu kwamba neno hilo halimo kwenye mkusanyo wao, nihakikishe tahajia. Tahajia! Mtu wa Mtwara afundishwe kuandika Masasi.

Haya, kwenye tahajia wana nusu ya haki. Mjerumani s moja kati ya irabu, au mwanzoni mwa neno kabla ya irabu, huitamka z, ndiyo maana aliandika Massassi, kama alivyoandika Ssudi kwa Sudi yetu, na Ruvuma akaifanya Rowuma. Nikaandika Massassi. Matokeo mawili. Ugonjwa wenyewe uko kwingine, na wao wanaujua: maandishi ni ya Fraktur, zile herufi za zamani za Kijerumani zenye kona kona. Humo s ndefu, yaani s ya zamani yenye umbo la f, na f yenyewe hutofautishwa na kijistari kinachokata f upande hadi upande. Kurasa zilipigwa kwanza kwenye filamu, kisha filamu ndiyo ikaskaniwa, nyeusi na nyeupe tupu. Kijistari kikafutika, au doa la wino likakaa pasipo pake. Programu inayogeuza picha kuwa maandishi ikasoma "Maffaffi". Andika Maffaffi uone kurasa zinavyomwagika.

Newala imo kwa jina la Rewala, kwa kuwa N kubwa na R kubwa za Fraktur ni kama mapacha. Kilwa ni Rilwa. Mikindani ni Mitindani, maana k husomwa t, na ikikatwa mwishoni mwa mstari, Mikin huku na dani kule, hakuna tahajia itakayoifufua. Barua za Kiswahili cha herufi za Kiarabu usiziulize, ni picha tupu.

Kinachosaidia ni alama ya kuuliza badala ya kila herufi yenye shaka: Ma??a??i inazoa Massassi na Maffaffi pamoja. Lakini ?ewala inakataliwa, alama hairuhusiwi kuanza neno, kwa hiyo Newala na Rewala utaziandika mbali mbali. Vinginevyo tafuta Lindi, kwa sababu Masasi na Newala zilikuwa chini ya wilaya hiyo wakati wa Mjerumani, na jaribu pia Linbi, kisha soma ukurasa mzima kwa macho. Usinukuu kamwe yale maandishi ya programu. Nukuu kutoka kwenye picha ya ukurasa.

Na hapo ndipo wanapokukamua: kila picha ukiifungua salio linakatwa, hata kama kosa la kusoma ni la mashine yao. Kangomba tupu, kama ule ununuzi wa korosho kwa vipimo vya magendo: kipimo kiko mkononi mwa anayekupunja.

Ukitafuta mradi wa karanga wa Nachingwea, wa 1947 hadi 1951, usipoteze hela huku. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Uingereza ziko mtandaoni bure, herufi ni za kawaida, jina linatoka safi.

Nilikaa kuandika haya nikiwa na nyota tatu, kwa haki: picha zao ni kali ukizikuza, na kila faili unalopakua lina tarehe na namba ya ukurasa, jambo ambalo hifadhi nyingi za bure hazina. Ila nikirudia kusoma lile "hakikisha tahajia", ni mbili. Moja. Kifurushi cha mwezi ujao nimeshakilipia lakini, Rewala bado sijaimaliza.