Mkopo au mwekezaji: kampuni changa ya Uganda ichukue upande gani?

Tuanze na gharama, maana ndipo wengi huumia. Benki za biashara Uganda mara nyingi hutoza riba inayopita asilimia 15 kwa mwaka, na hutaka dhamana: hati ya ardhi au kadi ya gari. Kijana anayetengeneza programu Ntinda, mtaa wa Kampala, ana kompyuta yake tu. Tena marejesho hayangoji wateja wazoee bidhaa. Mwekezaji hadai kila mwezi, ila anachukua hisa, na kampuni ikinawiri hisa hizo ndizo deni ghali kuliko yote.

SafeBoda, kampuni ya kuita bodaboda kwa simu, ilianzia Kampala na mwaka 2019 ikapata fedha za wawekezaji Allianz X na Go-Ventures. Biashara ya aina hii hula pesa miaka kabla ya kurudisha; marejesho ya kila mwezi yangeinyonga. Lakini mwekezaji hutaka ukue haraka, na anakaa mezani mnapoamua.

Na kupatikana kwa fedha? Hapo SACCO, vyama vya akiba na mikopo, zinashinda, zimefika vijijini. Mpango wa serikali wa Maendeleo ya Parokia (parokia hapa ni eneo la utawala, si la kanisa), ulioanza 2022, hukopesha kaya hadi shilingi milioni 1: inatosha kuku, si kiwanda. Wawekezaji wamejazana Kampala, na naona ni hasara kwa nchi kumwacha mbunifu wa Gulu hivi hivi.

Una mauzo ya kila wiki na dhamana? Kopa, ubaki na kampuni yako. Bado unajaribu kitu kipya kinachohitaji miaka? Tafuta mwekezaji, na mkataba usomwe na wakili kabla hujatia saini.