Bega lililoganda: kupona baada ya sindano au baada ya kunyooshwa kwa nusukaputi

Bega lililoganda ni bega linalouma na kukaza hadi mkono hausogei vizuri. Sindano ya steroidi hutuliza uvimbe ndani ya kiungo. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo, na maumivu hupungua ndani ya siku chache au wiki kadhaa. Hapo ndipo mazoezi yanapowezekana. Mwenye kisukari apime sukari yake mara kwa mara, maana hupanda kwa muda.

Kunyooshwa ni jambo zito zaidi. Ukiwa usingizini, daktari huuzungusha mkono mpaka mfuko wa kiungo uliokaza uachie. Unaamka bega limelegea lakini linauma, na mazoezi huanza siku hiyo au kesho yake. Ukiogopa kuusogeza mkono siku hizo za mwanzo, bega linaweza kukaza tena, kwa hiyo usione haya kumeza dawa za maumivu kwa wakati. Mara chache mfupa huvunjika wakati wa kunyooshwa.

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 503, ulizilinganisha njia hizi pamoja na upasuaji wa matundu madogo. Baada ya mwaka, hakuna iliyozishinda nyingine waziwazi. Mimi ningeanza na sindano na mazoezi. Miezi ikipita bila nafuu, ningemuuliza daktari kuhusu kunyooshwa.