Eti "nani kakwambia uiunge na intaneti?"

Nimeuziwa kompyuta mpakato na duka moja la Kariakoo linalouza mtandaoni, na hadi sasa mkono unatetemeka kwa hasira.

Nisiwanyime haki yao. Mzigo waliupandisha basi stendi ya Magufuli, nikaupokea Nyegezi kesho yake, umefungwa vizuri, skrini haina hata mkwaruzo. Betri inakaa. Kibodi laini, raha kuandikia. Kwa mashine iliyotumika Ulaya, laki sita na nusu, nilimshukuru Mungu. Mimi ni mwalimu, hiyo ilikuwa hela yangu ya mchezo wa kupeana, na ndiyo kompyuta yangu ya kwanza.

Nikawasha, nikachagua lugha, nikaiunga na intaneti ya simu. Ikazunguka kidogo, halafu likatokea jina la kampuni ya Uingereza: karibu, ingiza barua pepe yako ya kazini na nywila. Kazini wapi? Mimi nafundisha Misungwi! Nikazima, nikawasha, jina lile lile.

Nikampigia muuzaji. Yule yule aliyekuwa ananiita "dada yangu kipenzi" kabla sijalipa, sasa ananijibu: "Sista, kwani nani kakwambia uiunge na intaneti? Wenzako wanatumia, mbona hawasumbui?" Nikamwomba anibadilishie. "Mzigo ukishatoka dukani haurudi." Akakata. Ujumbe wangu wa WhatsApp una tiki mbili za bluu, jibu hakuna.

Laki sita na nusu, halafu nisiiunge na intaneti! Matokeo ya wanafunzi nitayatuma kwa njia gani?

Fundi mmoja wa Makoroboi ndiye aliyenifungua macho. Kampuni nyingi huandikisha mashine zao Microsoft, na kinachoandikishwa ni utambulisho wa mashine yenyewe. Hata ukifuta kila kitu ukaweka Windows upya, ikipata intaneti tu wakati wa kuianzisha inamtafuta mwenyewe. Wa kuiondoa kwenye uandikishaji huo ni kampuni iliyoiandikisha. Fundi anaweza kuianzisha bila intaneti nikaitumia, lakini siku ikifutwa tena, jina lile linarudi. Labda kampuni ilisahau kuziondoa ilipoziuza. Labda ni ya wizi. Sasa mimi nalala na mali ya nani ndani?

Kwa hiyo wewe unayetaka mashine iliyotumika, ile video ya mashine inawaka isikupumbaze. Mwambie muuzaji apige simu ya video, aifute mbele yako, aiunge na intaneti, umwone anafika mwisho bila jina la kampuni kutokea. Akianza maneno, hela ibaki kwenye simu yako.

Nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa ajili ya usafiri na ile kibodi. Nazifuta zote. Asubuhi wameweka tena tangazo la mashine zile zile, "zimebaki mbili", na sehemu ya maoni wameifunga. Laki sita na nusu yangu bado naidai, na barua ya kwenda Tume ya Ushindani naipeleka wiki hii.