Kompyuta ya mezani ya mtumba: prosesa ipi haitakuchemkia

Muuzaji atakutajia "Core i5, RAM 8, diski 500" na kuishia hapo. Wati hazitaji. Lakini kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, wati ndizo zinazoamua kama mashine itapiga kazi mchana kutwa au itaanza kugandaganda ikifika saa saba. (Madukani "CPU" ni kasha zima. Hapa tukisema prosesa, tunamaanisha kile kibati cha mraba kilichokaa chini ya hitisinki, yaani chuma chenye mapezi kinachonyonya joto, na feni.)

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua joto la hewa iliyo ndani ya kasha, ongeza wati za prosesa mara uzembe wa hitisinki, yaani nyuzi ngapi prosesa hupanda kwa kila wati. Tukadirie kwamba hitisinki ya kawaida ya mashine ya ofisi, ikiwa safi, inaruhusu nyuzi 0.4 kwa kila wati. Prosesa ya wati 95 ikibanwa na kazi itapanda nyuzi 38 juu ya hewa inayoizunguka. Ulaya, chumba kikiwa nyuzi 21 na ndani ya kasha 27, inasoma 65. Leta mashine hiyo hiyo Dar, chumba 32, ndani ya kasha 40: inasoma 78. Bado si mbaya. Sasa weka vumbi la miaka mitatu na pesti iliyokauka (ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki kupitisha joto), 0.4 igeuke 0.6. Inafika 97, na prosesa nyingi za Core, za kampuni ya Intel, huanza kujipunguzia kasi karibu na 100. Ya wati 65 katika uchafu huo huo inasoma 79, na mwenyewe hatajua kama kuna shida. Hapo ndipo tunapopangia orodha hii ya prosesa za mtumba, kuanzia ya kununua hadi ya kukimbia.

Nairobi hali ni tofauti kidogo: chumba ni baridi, ila kwa mwinuko wa mita 1,700 na zaidi hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko pwani, kwa hiyo feni ile ile inabeba joto pungufu. Faida ya baridi inazidi hasara hiyo, lakini usidhani umepona kabisa.

Ya kwanza: i5-6500, wati 65

Ilitoka 2015, ina viini vinne (sehemu zinazofanya hesabu kwa pamoja) vya 3.2 GHz, na kwa kazi za ofisi bado haijachoka. Hitisinki yake hufungwa kwenye matundu yaliyoachana milimita 75, sawa na soketi (vikalio vya prosesa kwenye bodi) za LGA1155, 1156 na 1150, kwa hiyo fundi yeyote mwenye mabaki ya mashine hizo atakupatia ya kubadilisha. Kasoro yake ni Windows 11: haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama lazima uwe na Windows 11, jikaze ufike i5-8500 ya 2018. Ina viini sita na kwenye karatasi ni wati 65 zile zile, ingawa kwa sekunde chache za mwanzo wa kazi nzito huzidi hapo. Kama hela inatosha, hiyo ndiyo namba moja.

Ya pili: zenye herufi T, wati 35

i5-6500T hukaa kwenye vile vikasha vidogo vya ukubwa wa kitabu, na hutumia chaja ya nje kama ya laptopu. Kasi ya msingi ni 2.5 GHz, pungufu ya ndugu yake, ila kwa duka, risiti, uchapaji, au mahali panapotegemea sola na betri, hakuna inayoishinda. Tumeishusha nafasi moja kwa sababu ya feni: ni ndogo, inaziba haraka, na ikifa huwezi kupachika ya mashine nyingine. Kabla ya kulipa, uliza kama feni ya modeli hiyo inapatikana mjini. Jibu likiwa "tutaagiza", punguza bei unayotaka kutoa.

Ya tatu: i5-3470 (wati 77) na i5-4570 (wati 84)

Ndizo zimejaa madukani. Tatizo lao limejificha: tangu kizazi cha tatu, kati ya chipu yenyewe iliyo ndani na kile kibati cha juu Intel iliweka pesti badala ya kuchomelea. Ikichoka huko ndani, unaweza kusafisha nje mpaka ing'ae na bado joto likaruka. Kati ya hizi mbili, angalia bei na usafi. Umri usikusumbue.

Ya nne: i5-2400, wati 95

Ni ya 2011 na ina joto zaidi, lakini imechomelewa ndani, kwa hiyo joto linatoka vizuri hadi juu. Ukiipa hitisinki nzuri na pesti mpya, inatulia. Utaambiwa soketi yake inapokea pia i5-3470. Ni kweli, kama BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi) ya bodi hiyo inakubali. Usinunue kwa matumaini hayo.

Ya tano na ya sita: Core 2

E8400 ya 2008 ni wati 65 na haina makuu ya joto, ila viini viwili kwa tovuti za leo ni mateso. Ichukue kwa Linux na kuchapa tu. Q6600 ina vinne, na hapo soma maandishi juu ya kibati: SL9UM ni toleo la kwanza la wati 105, SLACR ni la baadaye la wati 95. Hitisinki za soketi hii, LGA775, zina matundu ya milimita 72. Milimita tatu tu, lakini haziingii kwenye bodi za Core i5, hata ukilazimisha. Utavunja bure vijino vya plastiki vinavyoishikilia hitisinki kwenye bodi.

Ya saba: AMD FX-8350, wati 125

Viini vinane vinavutia kwenye tangazo. Haina grafiki ya ndani ya kutoa picha kwenye skrini, kwa hiyo unaongeza kadi ya grafiki, nayo inaleta joto lake. Ukilinganisha na i5-6500, tofauti ya wati 60 zikibanwa saa 8 kwa siku 26 ni karibu uniti 12.5 za umeme kila mwezi.

Ya mwisho: Pentium 4 na Pentium D

Prescott ya 2004 ilifika 3.8 GHz kwa wati 115, na Pentium D 840 ikafika 130. Mwaka 2006 Core 2 Duo E6600 ya 2.4 GHz na wati 65 ikazipita zote. Kwa hiyo mtu akikusifia GHz 3.8 za mashine ya zamani, anakusifia pasi. Hata ya bure, chukua kasha uache bodi.

Jaribu kabla ya kulipa

Nenda na flashi yenye Linux Mint (mfumo endeshi unaowaka kutoka kwenye flashi) au HWiNFO isiyohitaji kusakinishwa (programu ya Windows ya kusoma joto na kasi). Iache mashine dakika tano, usome joto, kisha ipe kazi nzito kwa dakika 10 hadi 15. Usitazame namba ya mwisho peke yake; tazama inavyopanda. Ikiruka hadi 90 ndani ya sekunde chache, hitisinki haigusi vizuri: pesti imekauka au kijino kimoja hakijaingia. Ikipanda polepole dakika nzima nzima, shida ni vumbi au hewa haipiti. Hiyo ya kupanda polepole ni kazi ya brashi na nusu saa, kwa hiyo ni hoja ya kushusha bei, si ya kukimbia. Tazama pia kasi: i5-6500 ikishuka chini ya 3.2 GHz huku imebanwa na joto liko karibu na 100, inajiokoa. Ukisoma joto ndani ya BIOS, usishtuke likiwa juu kidogo, kwani huko prosesa hailali.

Kwenye HP, ujumbe unaoanza na 511 wakati wa kuwaka unamaanisha feni ya prosesa haionekani. Muuzaji akibonyeza haraka kuupita, mwombe awashe tena. Mashine nyingi za ofisi zina plagi za feni zisizolingana na za dukani, hivyo hakikisha hiyo ipo na inazunguka.

Baada ya kufika nyumbani

Pesti mpya haina mjadala. Washa mashine dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa umeme. Zungusha hitisinki kulia na kushoto kidogo kabla ya kuinyanyua. Kwenye Pentium 4 za soketi 478 na AMD za zamani, ukivuta moja kwa moja prosesa inang'oka na hitisinki, na miguu yake inapinda. Futa pande zote mbili kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati. Kulipaka kama siagi ya mkate hakusaidii. Kwenye LGA775, na kwenye Core i5 zenye feni ya plastiki, bonyeza vijino kwa mshazari, kila kimoja mpaka kilie. Kisha geuza bodi uone ncha nne nyeusi zimetokeza nyuma sawasawa. Chenye ncha fupi ndicho kitakachokurudisha kwa fundi.

Unapopuliza vumbi, shika pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke, maana mpulizo huliendesha kuliko lilivyoundwa na kula beringi. Na usiache kifuniko cha pembeni wazi kwa kudhani unaipooza. Mashine za ofisi zina bomba la plastiki linalovuta hewa kutoka mbele kupitia hitisinki. Ukifungua ubavu au ukilitupa bomba hilo, hewa inapita njia ya mkato na prosesa inabaki na moto wake.